Maharagi Mia Moja

Hadubini ya kwanza niliyoitazama maishani ilikuwa Lwiro, tulipopelekwa na shule kwenye kituo cha utafiti. Ilikuwa ile ya macho mawili, inayokuza kidogo tu, ya kuchunguzia wadudu wazima. Niliona miguu ya mbu, unywele kwa unywele, nikajiona tayari ni mwanasayansi. Ile kubwa kuliko zote, ya elektroni, inayoonyesha virusi, niliishia kuiona kwenye picha ya kitabu. Mwalimu alituambia tusijisumbue kuiota.

Kazini, kwenye kituo cha afya hapa Bukavu, nilipewa hadubini ya kioo. Chini yake pana kioo kidogo cha mviringo. Unakigeuza kuelekea dirishani, kinakamata mwanga wa jua na kuupandisha hadi kwenye jicho lako. Tulikuwa pia na hadubini ya taa, lakini umeme wetu ni mgeni asiyeaga. Ilikaa kabatini, imefunikwa kitambaa kama bibi harusi.

Kifua kikuu hakisomwi kwa haraka. Unapaka makohozi kwenye kipande cha kioo, unakitia rangi, kisha unatafuta vijiti vyekundu, ndivyo vijidudu vyenyewe, ndani ya buluu, duara moja la hadubini baada ya jingine. Kabla ya kuandika kwamba hakuna kitu, lazima uwe umetazama maduara mia moja. Ukihesabu kichwani unapotea. Ndiyo maana tuliweka vikombe viwili na punje mia za maharagi: kila duara, punje moja inahamishwa kwa mkono wa kushoto bila kuangalia. Wakaguzi walitucheka, mpaka walipojaribu wenyewe bila maharagi.

Punje hizo alinipa mama mmoja kutoka Nyantende aliyeuza maharagi langoni petu. Alichagua kubwa, nyekundu, moja moja.

"Docteur, chukua hizi," aliniambia. "Zile zako iko ndogo, utapoteza hesabu ya batu."

Ulimi wake ulikuwa mkali na nilimpenda kwa hilo. Basi alipokuja mwenyewe na kikohozi cha wiki nyingi, kitenge kikimlegea kiunoni, nilichukua makohozi yake nikamwahidi jibu siku hiyo hiyo.

Ulikuwa msimu wa mvua. Nilianza vizuri. Punje ya sitini ilipohama, wingu lilishuka na kioo kikawa cha kijivu. Nikakigeuza, nikakifuta, nikakigeuza tena. Zilibaki punje arobaini. Yeye alikuwa amekaa kwenye benchi nje, akinitazama kupitia dirisha, nami nilitamani sana kumpa habari njema. Nikajiambia, sitini ni safi, hizi arobaini zitakuwa na nini? Nikazimimina zote kwa mkupuo kwenye kikombe cha pili. Nikaandika: negatif.

"Mungu asifiwe," alisema, akaifunga karatasi kwenye pindo la kitenge.

Miezi michache baadaye nafasi yake langoni ilikuwa tupu. Wauzaji wenzake waliniambia amezikwa juzi.

Vioo vilivyosomwa tunavitunza sandukuni kwa ajili ya wakaguzi. Nikatoa cha kwake. Siku hiyo jua lilikuwa kali. Nikahamisha punje moja moja, na kwenye ya sabini na moja nikavikuta: vijiti vitatu vyekundu, vimelala pamoja. Dawa yake ilikuwa kabatini muda wote, tena ya bure. Nilijichukia, na bado najichukia.

Nilikwenda Nyantende kwenye kilio nikiwa nimekusudia kusema. Mume wake alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Docteur, aksanti kukuya. Ile siku ulimuambiaka hana kitu, alirudia hapa anaimba. Alikuwa anaogopa kulala na bajukuu yake. Kutoka ile siku, balilalaka naye kitanda moja."

Wajukuu walikuwa wawili, wamekaa kwenye mkeka nyuma yake. Mdogo alikohoa, akajifuta mdomo kwa kiganja, akakohoa tena.

Nikamgeukia babu yao. Nikamwambia, "Papa, kesho asubuhi ulete batoto bote kwetu. Na wewe pia."

"Kuko shida?"

"Hapana," nilisema. "Ni kawaida ya kazi tu."

Akanishukuru tena.