Nilivyokinyima Kinanda Pumzi

Cheka, lakini ningoje nimalize. Kazi yangu kanisani kwetu Arusha ilikuwa kuvuta mpini wa mivukuto nyuma ya pazia, ili kinanda kikubwa cha mabomba kipate pumzi. Fundi Mzungu alipokuja kukifumua na kukitia umeme, Mchungaji aliniita nikaone. Sikwenda. Mke wangu alikuwa amepika ndizi, na mimi kutoka nyumbani ni mpaka nisukumwe. Kwa kuwa nimefika sekondari, niliwaelimisha majirani: "Umeme ni wa taa. Pumzi ya kinanda ni mimi."

Jumapili nikavuta. Mpini ulikuwa mwepesi ajabu. Nikazisifu zile ndizi. Ila mpiga kinanda hakuwa amenisalimu asubuhi hiyo. Basi katikati ya wimbo nikauachia mpini makusudi, kinyamaze, aje anibembeleze mbele ya Bwana DC, aliyekuja kusali nasi siku hiyo. Nikafungua pazia, nikasimama nimekunja mikono.

Kinanda kikazidi kunguruma.

Bibi mmoja wa kwaya akanipa leso yake. "Jifute jasho, mwanangu," alisema, kanisa zima likisikia. "Siku hizi mota ndiyo inayopuliza. Huo mpini haujashikana na kitu tangu Jumanne."