Nukta ya Penseli

Nilipoajiriwa katika maktaba moja ya Eastlands, nilidhani nitakaa mbele nikiwahudumia wasomaji. Wapi! Nilipelekwa chumba cha nyuma kilichonuka gundi, kwa mama mmoja aliyekaribia kustaafu, anifundishe kugonga mihuri, kubandika namba kwenye vitabu na kuondoa vilivyochakaa. Nilinuna wiki nzima.

"Kitabu kikisomewa hapa mezani, kitie nukta ya penseli kwenye karatasi ya tarehe za kuazimwa," aliniambia. "Si kila msomaji huazima."

Niliitikia tu. Kuzunguka meza nikitia nukta niliona ni kazi ya kitoto, kwa hiyo vitabu nilivirudisha rafuni vivyo hivyo.

Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda chake, alikuja mwanamke muuza mitumba kutoka mtaa wa Huruma. Alikuwa akijiandaa kurudia mtihani wa kidato cha nne, na alisomea hapo mezani kitabu kilekile cha biolojia kilichong'oka jalada. Kuazima hangeweza. Kadi ilihitaji mdhamini, naye hakumpata.

Yule mama akaugua, nikaachiwa kuondoa vitabu peke yangu. Kanuni ilikuwa kwamba kisichotumika miaka mitano kinatoka. Nilipekua karatasi za tarehe mbiombio, na kila iliyokuwa tupu niligonga kitabu chake muhuri wa KIMEONDOLEWA. Mchana huohuo lori la karatasi kuukuu likabeba magunia yote. Nilijiona hodari sana.

Kesho yake yule mwanamke alisimama mbele ya rafu kwa muda mrefu.

"Sasa brathe, ile kitabu ya bio mliweka wapi?"

Ndipo nikajua nilichofanya. Kilikuwa kimeondoka na lori.

"Imeazimwa," nikasema. "Itarudi."

"Pepa ni mwezi ujao."

"Itarudi."

Hatukuwa na nakala nyingine. Yule mama aliporudi kazini nilimwambia ukweli. Hakunigombeza, alinipa penseli tu. Lakini yule mwanamke sikumwambia. Kila asubuhi alikuja, akatazama rafu, akaenda zake, nami nikijificha nyuma kwa aibu.

Siku ya mwisho kabla ya mtihani alinikuta mezani nikitia nukta.

"Huyo mwenye alichukua kitabu," akauliza, "pia yeye ako na pepa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi ni sawa," akasema. "Mwache tu amalize."