Mlimau Uliotishwa kwa Panga

Asmahani alikuwa mwaka wa tatu chuoni, anasomea shahada ya kilimo cha bustani, na majirani wa Nguvumali walikwisha kumbatiza Profesa Mchicha. Likizo moja alirudi akamkuta bibi yake, Bi Tausi, amesimama na panga mbele ya mlimau uliogoma kuzaa.

"Shikamoo, bibi. Panga la nini?"

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja wakati wake. Mimi nautisha, wewe uombee."

Asmahani aliijua desturi hiyo tangu utotoni, ila sasa alikuwa msomi. Akamweleza bibi habari za rutuba na mizizi mpaka bibi akapiga miayo.

"Haya, umemaliza? Uombee."

Bi Tausi akalichanja gome mara tatu. "Huzai, nakukata!"

Msomi akachungulia barabarani, akaona hapiti mtu, ndipo akanong'ona: "Usiukate, bibi. Mwakani utazaa."

Muhula uliofuata mwalimu wao akafundisha kwamba mti mvivu ukichanjwa gome kidogo hushtuka, ukatoa maua. Asmahani hakungoja hata kipindi kiishe vizuri. Akatoka nje, akapiga simu.

"Bibi, kumbe ni kweli! Leo tumefundishwa!"

"Alhamdulillahi, na wenyewe umechanua tangu juzi," alijibu Bi Tausi. "Lakini hebu niambie, huyo mwalimu wenu akiutisha, nani anauombea?"

Na Asmahani, haki ya Mungu, akafungua daftari kutazama.