Shangazi Aliutoa Mgongo Wangu kwa Daktari wa Marashi

Ninayowaandikia sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu mzazi. Nina miaka kumi na saba, nimetoka shule mwaka huu hapa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, na nimeshaposwa na kijana wa Kazimia. Mbele za watu sauti yangu hukauka, ndiyo maana naandika. Nashukuru ukurasa huu kunifichia jina.

Shangazi yangu, dada ya baba, anafanya usafi kwa daktari mmoja wa Kizungu. Daktari huyo hujaribu mafuta ya marashi kwenye ngozi za watu wanaojitolea, ajue yapi yanadhuru kabla hayajatiwa kwenye sabuni. Shangazi alikuja nyumbani akaniambia, "Mutoto wangu, haiko sindano. Banakubandika kitambaa cha harufu nzuri mugongoni, basi. Bibi arusi gani anaogopa marashi?" Nilicheka, nikakubali. Maneno ya daktari alinitafsiria yeye, nami nikaitikia kwa kichwa.

Kitambaa kilipoanza kuwaka, nilimkimbilia. Akasema, "Vumilia. Ukikitoa utanipatisha haya kwa daktari." Nikavumilia kwa sababu ni yeye. Kilipobanduliwa, ngozi ilikuwa malengelenge matupu. Daktari alishtuka, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha shida, "Mi nilisema ikiwaka, toa! Hakukuambia?" Shangazi aliendelea kukunja mashuka. Daktari akasema mwili wangu hautasahau. Mafuta yale yakinigusa tena popote, nitavimba. Kweli, hata sabuni ya harufu sasa inanibabua.

Nilidhani Shangazi alisahau tu. Kisha binti yake akaja kulala kwetu, akauona mgongo wangu, akacheka. "We, umekuwa mamba! Hata mi balinibandika. Iliwaka, mama akaitoa palepale. Akasema mi nisirudi, atamutafutia daktari muntu mwingine."

Muntu mwingine ni mimi.

Sasa arusi ni baada ya Ramadhani, na atakayenisinga mwili mzima kwa liwa ya msandali na mafuta ya kunukia, mbele ya wanawake wa upande wa mume, ni Shangazi huyohuyo. Nilipomwambia naogopa, alinijibu, "Nitakupaka polepole. Ukikataa marashi batasema uko na ukoma, batapanda boti yao barudi Kazimia." Nikisema ukweli, baba atamfukuza dada yake, naye ndiye aliyemlea baba walipofiwa na mama yao. Nikinyamaza, nitajitoa mwenyewe nibabuliwe huku wanawake wanapiga vigelegele.

Nishaurini, mama zangu na dada zangu, nifanye nini?

Na wewe unayesoma ukiwa Baraka, najua gazeti kwetu husomwa kwa sauti barazani. Tafadhali, barua hii iruke, usiwasomee. Kama umenitambua, nifichie siri hii, hata kwa mama yangu. Nataka asikie kinywani mwangu, siku nitakayoweza.