Faili la Magamba

Kila mara nyoka anayemtunza anapojivua gamba, karani wa masjala hulinyoosha mezani taratibu kwa ncha za vidole, akaligonga muhuri wa tarehe na kulitia kwenye faili. Aliachiwa nyoka huyo na dada yake, aliyekwenda masomoni miaka mitatu. Leo dada amerudi kumchukua.

“Kaka, nilikuachia nyoka mwekundu kama pilipili. Huyu wa rangi ya tope umemwokota wapi?”

Karani angesema tu kwamba yule alipotea, huyu angebaki wake. Lakini faili ni faili. Akamfunulia magamba yote kumi na tisa: madoa yaleyale, yakizidi kutanuka na kufifia. “Ni wako, dada. Amekua tu, kama sisi.”

“Mh! Mimi nilimpendea ule wekundu. Kaa naye.”

“Ombi limekubaliwa,” akasema kwa sauti ya ofisini, akagonga muhuri failini; ukatoka kichwa chini miguu juu.