Nafasi ya Mbele ya Mlango

Binti yangu alipooza miguu akiwa na miaka mitatu, baada ya homa kali. Tulikuwa tukikaa Junda, na mume wangu akiendesha lori la safari za mbali. Akiondoka, hatujui atarudi lini. Kwa hiyo alinifundisha kuendesha pikapu yetu kuukuu kwenye uwanja wa mchanga, majirani wakichungulia na kucheka. Miaka ile ya themanini, mwanamke kushika usukani kule kwetu Kisauni kilikuwa kioja. Sikujali. Mtoto alipaswa kufika kwenye mazoezi ya miguu kila juma, na kumbeba mpaka barabara ya lami kulikuwa kumenishinda.

Mazoezi yalifanyiwa kwenye zahanati ndogo, nyumba ya kawaida iliyogeuzwa, yenye ua wa kuenea magari machache tu. Mbele ya mlango, chini ya mti wa mkilifi, daktari alitenga nafasi moja akaandika ukutani kwa rangi nyeupe: WENYE WATOTO WACHANGA. Hapakuwa na faini wala ugomvi, ilikuwa adabu tu. Ukija peke yako hukai pale. Ukishateremsha mtoto, na mwenzio anangoja, unaondoa gari lako ukaliegeshe nje. Hata wanaume wenye haraka zao waliiacha ile nafasi wazi, wakaenda kuegesha juani.

Mimi niliegesha pale miaka mingi. Bawabu, mzee wa Kigiriama aliyetuzoea, ndiye aliyekuwa akinifungulia mlango wa gari. Mtoto akakua. Akatimiza miaka tisa, mrefu, nywele zimesukwa vizuri, anasoma gazeti la babake kabla babake hajalisoma. Miguu peke yake ndiyo iliyobaki ya mtoto mdogo.

Asubuhi moja, nilipokuwa nimezima gari tu, honi ikalia nyuma yetu. Mwanamke kijana aliyevaa buibui akashuka kwenye gari dogo, kitoto kinalia begani mwake. Akainama dirishani kwangu.

"Asalaam aleikum, dada. Samahani, hapa si pa wenye watoto wachanga?"

"Waaleikum salaam. Ndipo."

Akamtazama binti yangu. "Huyu mashaallah ni mkubwa, atatembea. Wangu anawaka homa, wallahi."

Hakusema kwa ubaya. Neno moja lingetosha kumweleza, lakini neno hilo nilikuwa sijapata kulitamka mbele ya mwanangu. Nikiwa nalitafuta, yeye akanitangulia.

"Mama, tuwapishe."

"Ngoja kwanza."

"Mimi si mtoto mchanga. Tuwapishe, mama."

Nikarudi nyuma, nikatoka langoni, nikaegesha ng'ambo ya barabara penye wauza makaa. Nikafungua mlango nikampa mgongo apande kama siku zote. Hakupanda.

"Nipe magongo yangu."

Magongo yale tuliyachukua kwa ajili ya mazoezi; kwingine alikuwa akiyatumia nyumbani tu, sakafuni. "Hapa kuna magari," nikamwambia.

"Yatasimama."

Yalisimama kweli. Nilivuka kando yake mkono juu kama askari wa barabarani, makuli juu ya lori moja wakitukodolea macho. Tukafika langoni. Kwenye kokoto za ua gongo moja likateleza, akaenda chini kifudifudi.

Yule mwanamke alikuwa barazani akingoja zamu. Akaja mbio na kitoto chake.

"Ya Rabi! Dada, mbona hukuniambia?"

Binti yangu aliinua uso, mchanga mdomoni, goti linatoka damu. "Shikamoo," akamwambia.

"Marahaba, mwanangu," yule mwanamke akaitikia, kisha akaanza kulia. Nilimwonea huruma, na papo hapo nilitamani aondoke asituangalie.

Bawabu alimweleza daktari. Tuliporudi juma lililofuata tulikuta maneno yameongezwa ukutani, rangi mbichi bado: NA WASIOJIWEZA. Daktari mwenyewe akatoka akinionyesha, uso umejaa furaha. Nikamshukuru. Binti yangu aliyasoma kimya kimya, midomo ikicheza.

"Ndiyo mimi huyo?" akaniuliza.

"Daktari amekusudia mema, mwanangu."

Tangu siku ile hakukubali tena tuegeshe pale, na mazoezi ya muda wa saa moja yakawa yanakula asubuhi yetu nzima. Mume wangu aliporudi safari na kuona magoti ya binti yamechubuka, alikasirika.

"Nafasi ipo, ya bure, ya kivuli, nawe wamvusha mtoto barabara? Wamtesa."

"Mwambie mwenyewe basi," nikasema.

Akamwita. "Abee, baba," akaitikia, akaja kwa magongo yake mpaka mbele ya kiti cha babake, akasimama akingoja kuambiwa. Babake akamtuma gazeti.

Masika yalipoingia nilidhani mvua itamshinda. Siku moja ua ulikuwa umejaa tope na ile nafasi ilikuwa tupu, kavu kidogo chini ya mti. Nikapunguza mwendo. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na mimba ambayo sikuwa nimemwambia mtu.

"Pita, mama."

Nikapita. Nikaegesha ng'ambo, nikamtolea magongo. Nilimfuata nyuma mvuani, mikono nimeitanguliza bila kumgusa, sijui kama ninamlea au ninamuumiza.