Kitabu cha Fundi Hamduni

Mume wangu Hamduni alikuwaga fundi cherehani hapa Musoma, enzi za Mwingereza, na mdomo wake ndio uliomponza. Mteja akija kupimwa suruali, hapimwi mpaka asifiwe kitabu chake cha hadithi kwanza. "Ndugu yangu, kitafute hiki! Kuna pepo anaita watu kwa majina yao, ukiitika umekwisha. Halafu kuna kijana Mbaraka, seremala, mwoga kama mimi na wewe, lakini ana utu huyo! Utampenda. Wallahi hutakiweka chini."

Nilikuwaga namwambia, "Baba Kudura, watu hawa kitabu wanakijua cha padri na cha mganga. Wewe Mwislamu, watakuweka wapi?" Ananicheka.

Haya, akaja Dorotea, mama mmoja wa kijiji cha Guta, kwa lori la pamba, mgongoni mwanawe wa pekee anachemka homa. Shemeji yake alishonewa shati kwetu, akaenda kutangaza kwamba fundi ana kitabu kinachoshinda mapepo. Zahanati kaipita njiani, jamani, kaja kwenye cherehani!

"Mama, hii ni hadithi, imetungwa tu," Hamduni akamwambia. "Twende hospitali sasa hivi."

Dorotea akapiga magoti. "Baba, unanikatalia kwa kuwa mimi Mkristo? Nisomee."

Waganga wa kitabu, hao Waislamu wanaosomea wagonjwa, ndivyo wanavyoanzaga, wanakataa ili ubembeleze. Kwa hiyo kila Hamduni alivyokana, mama wa watu alizidi kuamini. Akashika mguu wa meza, hatoki. Mume wangu akaona bora amsomee kidogo ili akubali kuondoka. Akasoma kurasa mbili, akakifunga, tukamkokota mpaka hospitali. Dresa, mhudumu wa pale, alimtazama mtoto akatikisa kichwa. Angeletwa jana angepona, alisema. Mtoto akakata roho palepale mikononi mwa mama yake. Nililia mpaka sauti ikanikauka.

Matanga yalipoanuliwa, Dorotea akarudi. Hakukaa, hata maji alikataa.

"Yule pepo wa kitabuni," akamwuliza Hamduni, "alishindwa?"

Mume wangu hajui kusema uongo, maskini. "Alishindwa, mama. Kule mwishoni."

"Kumbe ulijua dawa iko mwishoni," Dorotea akasema, "ukafunga kitabu."